Waliobebwa Kutoka Kuzumine

Asubuhi ya tarehe kumi na nne Agosti, Haruomi alikuta kikombe cha mkewe kikavu.

Alikuwa amekijaza maji ya kisima jioni ya jana yake, hadi ukingoni, akakiweka kwenye madhabahu ya nyumbani mbele ya picha ya Fumie, kati ya bakuli la wali na farasi wa tango aliyetiwa miguu ya vijiti. Joto la Agosti hupunguza maji, hilo alilijua. Alikuwa amechora ramani za wilaya kwa miaka thelathini na minne na hakuwa mtu wa kushtushwa na vitu vidogo. Lakini joto hupunguza tu. Kikombe kile kilikuwa kikavu hadi kitakoni, kama kilichofutwa kwa kitambaa. Aliingiza kidole akakizungusha ndani. Hakukuta hata ubaridi.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa karibu mwaka mzima. Alitabasamu.

"Ulikuwa na kiu," aliiambia picha. "Najua. Subiri."

Akakijaza tena.

Kulikuwa na jambo moja lililomjia akilini, naye akalisukuma pembeni pale pale. Fumie hakuwahi kumaliza kikombe. Yawe maji, iwe chai, siku zote alibakiza funda moja, akatoka nalo nje, akayamwagia maua ya buluu yaliyotambaa kwenye uzio karibu na lango. "Nayo yanywe," alikuwa akisema. Miaka thelathini na minane ya ndoa, kila siku funda moja.

Katika bonde lao wafu hurudi nyumbani jioni ya tarehe kumi na tatu, kuanza siku za Bon, sikukuu ya wafu, lakini hawaji wenyewe. Hufuatwa. Mtu huenda kaburini na taa iliyowashwa, huligeuzia kaburi mgongo, huinama na kupeleka mikono nyuma kama anayembeba mtoto, na kusema, "Haya, panda, twende nyumbani." Kisha hutembea hivyo hivyo, bila kutazama nyuma wala kushusha mikono, mpaka mbele ya madhabahu. Hapo huchuchumaa na kumshusha aliyembeba. Jina halitajwi. Umtaje nani, na wote waliolala pale ni wako? Tarehe kumi na sita husindikizwa kwa moto langoni. Na kwa yule ambaye hiyo ni Bon yake ya kwanza, hutundikwa taa ya karatasi nyeupe barazani ili aitambue nyumba. Taa hiyo huchomwa siku ya mwisho. Bon ya kwanza haina marudio.

Haruomi hakwenda kaburini.

Mwaka mmoja kasoro wiki mbili kabla ya hapo, Jumapili, Fumie alimwomba wapande wote Kuzumine, mlima ulio nyuma ya mji. Juu yake palikuwa na ngome iliyochomwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Yaliyobaki ni mahandaki yaliyokata mgongo wa mlima, matuta yaliyoota mierezi, na kipande cha ukuta wa mawe kisichozidi kimo cha mtu. Fumie aliyapenda magofu ya namna hiyo. Alikwisha kupanda milima tisini na moja kuyatazama, na mingi kati ya hiyo alimkokota mumewe.

"Tumepanda saa nzima kuja kuangalia mahali pasipo na kitu," Haruomi alizoea kusema, akihema.

"Wewe ni mtu wa ramani, huoni? Hapana kitu, lakini kwa mpangilio."

Kisha Fumie alimsimulia tena, kana kwamba hajawahi kumsimulia, habari za watu wa Kuzumine. Adui aliwakatia mfereji wa maji, wakakaa siku kumi na saba bila tone. Ili adui adhani wanayo ya kuchezea, waliwapanga farasi ukingoni mwa jabali wakawamwagia ndoo za mchele mweupe, na kwa mbali ule mchele ulimetameta kama maji. Ndege ndio waliowaumbua, kwa kushuka kuudonoa. "Walikuwa na mchele wa kumwaga, hawana maji ya kuupikia," Fumie alisema. Kila baada ya mvua aliokota pale juu punje zilizoungua, nyeusi, akazitazama kiganjani, akazirudisha udongoni. Hakushuka na hata moja. "Si zetu."

Jumapili ile Haruomi alikataa. Walikuwa wamegombana kwa sababu ya feni iliyoachwa ikizunguka katika chumba kitupu. Fumie alivaa kofia yake pana ya nyasi, akaondoka peke yake. Saa nne Haruomi akaiona chupa ya maji ya Fumie mezani. Kufika juu ni mwendo wa dakika arobaini. Aliitazama chupa ile, akasema, "Akishikwa na kiu atarudi," akafungua gazeti.

Fumie alianguka katika handaki la tatu, akavunjika nyonga. Jioni alipokosa kurudi, Haruomi alidhani amekwenda kununa kwa mdogo wake, kama alivyowahi kufanya. Hakupiga simu. Walimpata kesho yake adhuhuri, kofia ingali kichwani. Mdomoni alikuwa na majani mabichi ya kingo za handaki, aliyokuwa akiyanyonya.

Kwa hiyo hakwenda kaburini. Kaburini kulikuwa na mama yake Haruomi, ambaye Fumie hakupatana naye, na chungu cha majivu ya mkewe tu. Fumie mwenyewe, Haruomi aliamini, alikuwa bado handakini akingoja chupa. Alasiri ya tarehe kumi na tatu alipanda Kuzumine na taa na lita mbili za maji, akayamimina yote pale walipomkuta. Udongo uliyanywa kwa sauti. Akageuka, akainama, akapeleka mikono nyuma.

"Haya, panda," alisema. "Panda, twende nyumbani. Maji yapo tele."

Nyenje waliokuwa wakilia mierezini tangu asubuhi walinyamaza wote kwa pamoja. Kisha ukaja uzito. Hakuutarajia. Mkono mmoja ukashika ardhi, na ilimbidi ajikaze mara tatu ndipo asimame. Fumie alikuwa mwanamke mwepesi. Lakini Haruomi alikuwa akilia, na mtu anayelia kwa furaha hapimi mizigo.

*

Kinue, mdogo wake Fumie, alifika siku hiyo ya kumi na nne na tikiti maji kwapani.

"Shemeji," alisema kabla hata ya kuvua viatu, "jana nimekungoja makaburini mpaka mbu wameshiba."

"Nilimchukua kwingine."

"Kwingine wapi? Siku hizi wafu wana kituo cha basi?"

Haruomi alimweleza. Kinue alilitua tikiti mbele ya madhabahu polepole sana, kama mtu anayeogopa kwamba atalirusha.

"Mimi nimembeba," alisema. "Nisingemwacha dada yangu alale pale na mama yako. Nimembeba kutoka kaburini mpaka langoni kwako, na pale pale mgongo ukawa mwepesi. Nikasema, haya, ameiona taa yake, amejiingilia mwenyewe."

"Basi tumembeba wote. Yumo ndani, na ana kiu. Tangu asubuhi nimejaza mara nne."

"Ana kiu." Kinue aliitazama picha, si Haruomi. "Sasa ndiyo umejua."

Kinue alipoondoka, Haruomi aliketi mkekani akasema yote aliyokuwa ameyaweka kwa mwaka mzima. Alisema aliiona chupa. Alisema hakusahau, hakuchelewa, hakuwa na kazi, aliiona tu na kuiacha, kwa sababu ya feni. Alisema usiku ule alilala vizuri, na hilo ndilo asilojisamehe. Aliposema neno la mwisho akasikia, karibu kabisa, sauti ya koo likimeza maji. Kikombe kilikuwa kikavu. Akaleta bakuli. Akaleta birika. Jioni vyombo vitano vilikuwa vimepangwa mbele ya madhabahu, na alivijaza kimoja baada ya kingine, karibu afurahi.

Nje, upande wa lango, mtu alikuwa akikohoa, kikohozi kifupi, kikavu, kile cha watu wanaosumbuliwa na vumbi la kiangazi. Jirani, Haruomi aliwaza. Hakutaka kusumbuliwa na rambirambi za mtu. Alisimama, akausukuma mlango ukafungika.

*

Tarehe kumi na tano farasi wa tango alikuwa amesinyaa kama kidole cha maiti. Haruomi aliligonga tikiti la Kinue, ambalo lilikuwa halijakatwa, likalia utupu. Nyumba ilinuka wali ulioungua. Alikwenda kuzima jiko, akalikuta limezimwa. Chini ya harufu ile kulikuwa na nyingine, nzito, ya jasho la mnyama mkubwa, na hajapata kuingia farasi katika mtaa ule tangu baba yake azaliwe.

Ndipo alipoziona punje. Zilikuwa mkekani, nyeusi, moja moja, zimejipanga kutoka madhabahuni hadi kwenye bomba la jikoni, na kutoka bombani hadi kwenye godoro alilolalia, na kuzunguka mahali pa kichwa. Fumie hakuwahi kushuka na hata moja.

Haruomi alizifagia, akazitupa, akaketi, akajiambia kwamba amekuja nazo mwenyewe katika soli za viatu, ingawa viatu vyake vilikuwa mlangoni kama viatu vya kila mtu. Na kwa kuwa hakuwa amelala vizuri alijinyoosha adhuhuri ile ya jua kali, macho yakafumba, na masikio yakabaki wazi, nayo yakasikia mmezo mmoja, mkubwa, wa mwanamume, na baada yake mwingine mwembamba, na mwingine wa haraka wa mtu anayemnyang'anya mwenzake, kisha minne, kisha mingi isiyohesabika kama mvua inapoanza juu ya majani, na katikati yake ulimi mpana wa mnyama ukilamba kitako cha birika, na karibu na shavu lake mwenyewe, pale jasho linapokusanyika chini ya jicho, kitu kidogo, kikavu, kikwaruzacho, kikamlamba kwa upole.

Hakupiga kelele. Alilala akitazama dari, na aliloliogopa zaidi ni kwamba yote yale aliyoyasema jana hayakuwa yamesikiwa na aliyestahili kuyasikia.

Alasiri alikuja mtawa Ryokai, ambaye siku za Bon huzunguka nyumba zote za bonde kwa pikipiki, joho limekunjwa kiunoni. Kinue alikuja nyuma yake.

"Msiniletee chai," mtawa alisema akijipepea. "Nimekunywa vikombe ishirini na saba tangu asubuhi. Mkinipa kingine mtanizika nyie."

Alipiga magoti, akawasha udi, akaanza sala. Akafika katikati, akanyamaza. Moshi wa udi haukupanda. Ulijigawa nyuzi nyingi, kila uzi ukainama upande wake na kukatika ghafla hewani, kama unaovutwa na mdomo.

"Mzee Haruomi," mtawa alisema kwa sauti ya chini sana. "Mkeo ulimchukua wapi?"

Haruomi alimwambia.

"Ulimtaja jina?"

"Nani hutaja jina?"

"Kaburini hakuna anayetaja. Kule juu kuna wafu wasio na wenyewe. Miaka mia nne wanasikia watu wakipita na kupiga picha, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwapa mgongo. Umekuja wewe, umeinama, umesema panda, umesema maji yapo tele." Alijifuta uso. "Hata mimi ningepanda."

"Na mke wangu? Kinue alimbeba. Alimfikisha."

Mtawa aligeukia upande wa lango.

"Nilipoegesha pikipiki nilimwinamia mwanamke pale langoni. Ana kofia pana ya nyasi. Nilidhani jirani amekuja kumwagilia maua. Hakuniitikia. Alikuwa akikohoa."

Kinue aliketi chini kwa kishindo. Haruomi alitoka nje pekupeku. Langoni kulikuwa na jua, na maua ya buluu yaliyokwisha kujifumba kwa joto, na taa nyeupe barazani ikining'inia bila upepo, ikisogea kidogo upande wa Haruomi na kurudi.

"Fumie," alisema. "Ingia. Ingia, tafadhali."

"Hawezi," mtawa alisema nyuma yake. "Mahali pake pamekaliwa. Wewe ndiye uliyewakaribisha, wewe ndiye wa kuwarudisha. Kesho, jua likianza kuinama, ndipo watakapokubali kupanda. Wabebe mpaka handaki lile lile, uiname, ungoje. Usiharakishe. Wakubwa watashuka kwanza. Nyenje wakianza tena kulia, ujue wote wamekwisha kushuka."

"Nikirudi nitamkuta?"

"Ukirudi kabla ya kengele ya hekalu. Kengele ikilia, kila nyumba inawasha moto wake."

"Kinue, usiwashe mpaka nifike."

"Lazima awashe," mtawa alisema. "Asiyewashiwa hukosa njia. Unataka awe kama hawa?"

Kinue alikuwa amechukua kikombe kipya jikoni. Alikijaza, akakiweka chini kando ya uzio, nje ya lango, na akaketi palepale kwenye vumbi.

"Kaa wewe na wageni wako, shemeji," alisema. "Mimi nakaa na dada."

*

Tarehe kumi na sita, jua lilipoinama, Haruomi aliigeuzia madhabahu yake mwenyewe mgongo na kusema, "Pandeni." Walipanda. Alipopita langoni hakuweza kutazama upande wa maua, kwa kuwa shingo haikugeuka, imeshikwa na mikono mingi mno, na njiani wakulima waliomwona mzee akitambaa mlimani kwa magoti, mikono nyuma, walidhani ni huzuni wakainamisha vichwa. Njia ya dakika arobaini ilimchukua saa mbili, na katika saa hizo mbili pumzi zao zilikuwa sikioni mwake, zenye joto la moto uliokwisha kuzimika, na kila jasho lilipomchuruzika kisogoni halikufika kwenye ukosi, na alipojikwaa katika handaki la kwanza kitu kama kwato kilimpiga ubavuni, na alipojikwaa katika la pili mwanamke mmoja mgongoni mwake alianza kucheka taratibu, au kulia. Kwa koo lile kavu hapakuwa na tofauti.

Katika handaki la tatu aliinama.

"Shukeni. Mmefika."

Wakaanza kushuka. Alihisi kila mkono ukiachia, kila goti likiteleza kiunoni, mmoja, na mwingine, bila haraka, kama wazee wanaoshuka kwenye gari. Mgongo ulinyooka kidogo kidogo. Mierezi ilikuwa kimya. Wengine, wengine tena. Kisha muda ukapita bila mtu kushuka. Alichokisikia mgongoni sasa kilikuwa uzito mdogo tu, kama wa shati lililolowa.

Kengele ililia bondeni.

Aliinua macho. Kati ya miti aliona moshi wa kwanza, kisha wa pili, kisha mtaa mzima. Aliitafuta nyumba yake kwa jicho la mtu aliyeichora kwenye ramani, akaiona. Hapakuwa bado na moshi. Kinue alikuwa akingoja.

Nyenje hawakuwa wamelia. Haruomi alilijua hilo. Alisikiliza kwa muda wa pumzi moja, akakimbia.

Alipofika langoni palikuwa na majivu mekundu na waya uliopinda, mifupa ya taa nyeupe. Kinue alikuwa amechuchumaa kando, uso umejaa masizi.

"Nimengoja mpaka nyumba zote zimewasha," alisema bila kuinua kichwa. "Nimekuwa wa mwisho bonde zima. Aliangalia njia ya mlimani, shemeji. Sikumwona, lakini taa iligeukia huko na ikakaa huko mpaka nilipoichoma."

 Kinue alimwonyesha kwa kidole kikombe kilichokuwa kando ya uzio.

"Chako hicho. Amekunywa."

Alikiokota. Ndani yake palikuwa na funda moja, safi, lililobakizwa. Alilitazama kwa muda mrefu. Mwaka jana angetoa nyumba yake apate kuliona. Kisha, kwa kuwa lilikuwa jambo pekee alilobakiziwa kumfanyia, alijongea hadi kwenye maua ya buluu na kukiinamisha kikombe juu ya mizizi.

Nyuma ya sikio lake kitu kidogo kilimeza.

"Mbona humwagi?" Kinue aliuliza.

Haruomi aliangalia ndani. Kikombe kilikuwa kikavu hadi kitakoni. Ukosi wake ulinuka wali ulioungua, na shingoni mikono miwili myembamba, mifupi, ilijirekebisha ili ishike vizuri zaidi.

"Yamekwisha," alimjibu.

Na polepole, kabla kitoto kile mgongoni hakijateleza, alipeleka mkono mmoja nyuma, akakishika.